Mtoto wa miaka miwili anakataa chakula tangu aachishwe ziwa: je, alazimishwe?

Mama Kihonda (Morogoro)

Wazazi wenzangu, nawasalimu nyote. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi miwili, na tangu nilipomwachisha ziwa, muda mfupi kabla hajatimiza miaka miwili, saa ya chakula imekuwa saa ya mvutano nyumbani kwetu. Ziwa lenyewe aliliacha bila kilio kikubwa, nami nikategemea kwamba njaa ingemleta kwenye sahani, kwa kuwa kila mtu aliniambia kuwa mtoto anayenyonya hali vizuri na kwamba akishaacha atakula kama wenzake. Haikuwa hivyo. Akipakuliwa wali na maharage hula vijiko vitatu au vinne, kisha hufunga mdomo, hugeuza uso na kuondoka mkekani kwenda zake kucheza. Ugali huufinyanga tu vidoleni. Siku nyingine, bila sababu ninayoiona, humaliza bakuli zima la ugali na dagaa na kuomba ndizi mbivu juu yake, na kesho yake hataki hata kukiona chakula hicho hicho.

Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ana njia yake. Humlaza mtoto mapajani, humbana mikono, kisha humnywesha uji kwa kiganja hadi bakuli liishe, huku mtoto akilia na kumeza kwa wakati mmoja. Yeye amelea watoto saba, wote wako hai na wana afya, na bila msaada wake mimi nisingeweza kurudi kazini; kwa hiyo siandiki haya kwa kumdharau. Lakini siku hizi mwanangu akiliona tu lile bakuli la plastiki hukimbilia uvunguni mwa kitanda, na hilo linaniumiza kuliko sahani inayorudi jikoni imejaa. Mume wangu naye, nikimwuliza maoni yake, hujibu kuwa yeye mwenyewe alilishwa hivyo hivyo.

Linalonichekesha na kuniudhi kwa pamoja ni kwamba kwa jirani anakula. Nimemkuta mara kadhaa ameketi na watoto wa pale, anachota makande kwa mkono wake bila kuombwa na mtu.

Kwa upande wa uzito, kadi yake ya kliniki inaonyesha kuwa alitimiza mwaka akiwa na kilo 9.1, akawa na kilo 10.6 katika umri wa miezi 20, na mwezi huu ana kilo 11.6. Anacheza, analala vizuri na haugui mara kwa mara. Nimemnunulia pia unga wa lishe kwenye mashine ya kusaga, wenye mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, ufuta na mbegu za maboga, kwa sababu muuzaji alinieleza kuwa kadiri vitu vinavyokuwa vingi ndivyo mtoto anavyopata nguvu. Mtoto anaukataa huo kuliko vyote, na ukikaa wiki chache unakuwa na uchungu.

Naomba kuuliza: je, hali hii ni ya kawaida kwa umri wake? Je, ni sahihi kumlazimisha? Na huo unga, niendelee nao au niuache?

Babu wa Kilosa

Binti yangu, pole kwa mahangaiko. Naomba usimhukumu mama mkwe wako haraka. Sisi tuliokulia vijijini miaka ile tuliona surua ikipita na kuondoka na watoto, na aliyeondoka nao mara nyingi alikuwa yule aliyekuwa amekwisha kukataa chakula. Mwanamke aliyelea wakati huo alijifunza kwamba mdomo uliofungwa ni dalili ya kwanza ya msiba, ndiyo maana mikono yake haiwezi kutulia anapoona mtoto hali. Mimi mwenyewe nililishwa kwa kiganja na sina chuki na mtu. Watoto wa siku hizi huulizwa mno wanachotaka, na mtoto wa miaka miwili hajui anachotaka. Mlisheni.

Afisa Lishe (Njombe)

Mama Kihonda, nitaanza na uzito kwa sababu ndio unaotwambia kama kuna tatizo au hakuna. Mtoto wa kiume wa wastani, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, huwa na kilo 9.6 anapotimiza mwaka na kilo 12.2 anapotimiza miaka miwili. Wako yuko chini kidogo ya mstari huo wa kati, lakini jambo la kutazama ni kama anaufuata mstari wake mwenyewe, na kwa takwimu ulizotoa anaufuata bila kuyumba. Mtoto mwenye kupungukiwa kweli na chakula huonekana kwenye kadi: mstari hulala, kisha hushuka.

Sasa tazama hesabu nyingine. Katika mwaka wa kwanza mtoto huongeza takribani mara mbili ya uzito aliozaliwa nao, yaani hufikia mara tatu ya uzito huo. Katika mwaka wa pili huongeza kilo mbili na nusu hivi tu. Mwili umepunguza mwendo wa kukua, na hamu ya chakula hupungua pamoja nao, wakati huo huo ambapo mtoto amejifunza kutembea, kusema "sitaki" na kushuku kila chakula asichokifahamu. Mzazi huona mabadiliko hayo yametokea pale alipomwachisha ziwa na hudhani kuwa moja limesababisha lingine, ilhali kwa sehemu kubwa ni umri. Kula sana leo na kidogo kesho ni jambo la kawaida kabisa. Ukitaka kujua kama anashiba, hesabu chakula cha wiki nzima badala ya mlo mmoja.

Kuhusu kulazimisha, namheshimu Babu wa Kilosa na naamini maelezo yake kuhusu chanzo cha desturi hiyo, ila siwezi kukubaliana naye katika hitimisho. Mtoto anayelia huku akimiminiwa uji anavuta pumzi na kumeza kwa pamoja, na uji unaweza kuingia katika njia ya hewa ukamkaba au ukamletea nimonia. Hiyo ndiyo hatari ya haraka. Ile ya polepole tayari umeieleza wewe mwenyewe: mtoto amejifunza kulikimbia bakuli. Kazi yako ni kuamua chakula gani kiwekwe, saa ngapi na wapi. Kiasi kitakachoingia tumboni mwachie yeye. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara nane, kumi au zaidi kabla hakijakubaliwa, kwa hiyo kiweke kidogo pembeni mwa kile anachokipenda, ule na wewe mbele yake, na akimaliza kusema hataki, ondoa sahani bila hotuba. Kwa jirani anakula kwa sababu kuna watoto wenzake, chakula kiko mbele yake, na hakuna mtu anayemtazama mdomo.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, ningependa kujua anakunywa nini kati ya mlo na mlo. Tumbo la mtoto wa umri huu lina nafasi ya takribani mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, maana yake wako ana nafasi ya mililita 350 hivi, kikombe kimoja na kidogo zaidi. Akinywa kikombe kikubwa cha maziwa saa tano, mchana hana mahali pa kuweka wali. Akina mama wengi, baada ya kumwachisha mtoto ziwa, hulipa deni hilo kwa maziwa ya ng'ombe kutwa nzima, na mtoto anayekunywa maziwa mengi mno, mbali na kukosa nafasi ya chakula, huweza kupungukiwa na madini ya chuma, kwa kuwa maziwa yana madini hayo kwa kiasi kidogo sana. Nusu lita kwa siku inatosha. Biskuti na juisi za pakiti zina athari ile ile kwa hamu ya kula, bila faida ya maziwa.

Unga wenye uchungu utupe leo. Karanga, soya, ufuta na mbegu za maboga vina mafuta, na vikishasagwa mafuta hayo huharibika mapema. Uchungu unaousikia ni wa mafuta yaliyoharibika. Soya isiyopikwa au kukaangwa ipasavyo huzuia usagaji wa protini tumboni, nayo katika mchanganyiko kama huo huchukua muda mrefu kuiva kuliko mchele uliosagwa pamoja nayo. Lakini linalonitisha zaidi ni sumukuvu. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu hushambuliwa na kuvu wanaotoa sumu ambayo kuchemsha kwa kawaida hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wengi wa walioathirika wakiwa watoto. Ukisagiwa unga wenye vitu tisa huwezi kujua punje zipi zilikuwa nzuri na zipi zilikuwa zimeoza, kwa sababu unga haukaguliki.

Chukua nafaka moja uliyoichagua na kuipepeta wewe mwenyewe, ulezi kwa mfano, upike uji mzito, kisha uuongezee kitu unachokiona kwa macho: karanga chache ulizozichambua, kuzikaanga na kuzitwanga siku hiyo hiyo, au maziwa, au yai. Ukitaka uji wenye nguvu unaonyweka kwa urahisi, tumia kimea. Loweka ulezi, uache uote, uukaushe juani na kuusaga. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo huulainisha papo hapo, kwa kuwa kimea huvunja wanga, nawe unauchemsha tena kidogo kabla ya kumpa mtoto. Mtoto atapata katika kikombe kimoja nguvu ambayo angeipata katika vikombe viwili vya uji mwepesi. Bibi zetu wa kusini walijua jambo hili kabla ya wataalamu, ingawa walilitumia zaidi kwa pombe.

Mwisho, umetaja uzito na hukutaja urefu. Mimi nafanya kazi katika mkoa wenye mahindi, viazi, maharage na matunda ya kutosha, na bado, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, karibu nusu ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Wengi wao wakiwekwa kwenye mizani hawaonekani kuwa na tatizo, kwa sababu udumavu ni ufupi, na mizani haipimi ufupi. Omba apimwe urefu kila unapompeleka.

Mama Kihonda

Nashukuru sana, Afisa, na wewe Babu pia. Nimeyasoma majibu yenu mara mbili na nimeona aibu kidogo mahali pa maziwa. Hunywa kikombe akiamka, kingine kabla ya usingizi wa mchana, kingine usiku, na katikati hapo bibi yake humpa chai ya rangi anapokunywa yeye, kwa kuwa mtoto humng'ang'ania. Urefu hajapimwa tangu alipokuwa mchanga. Kutupa unga si kazi. Kazi ni kumwambia mama mkwe asimlishe kwa nguvu. Nikisema mimi itaonekana nimesoma nikapata majivuno, na mume wangu hatasema. Waliopita njia hii walifanyaje?

Mama Kisauni (Mombasa)

Dada yangu, mimi naishi na mavyaa wangu mwaka wa tano sasa, na nilichojifunza ni kwamba neno la mkaza mwana kuhusu chakula cha mjukuu halina uzito hata likiwa kweli tupu, lakini neno la muuguzi lina uzito hata likiwa lile lile. Basi usimwambie. Mwombe akusindikize kliniki, au umwambie kuwa siku hiyo una kazi na unaomba yeye ampeleke mtoto pamoja na baba yake, kisha mtangulie muuguzi kwa kumweleza mambo yalivyo. Muuguzi mwenye adabu atamwamkia, atamsifu kwa malezi, atamwonyesha mstari wa kadi unavyopanda, na ndipo atakapomwambia kuwa siku hizi watoto hawalishwi kwa kubanwa kwa sababu uji huingia mapafuni. Mavyaa wangu alirudi nyumbani akawa ndiye anayewakataza majirani, nami nikanyamaza kimya kana kwamba ndio kwanza nasikia.

La pili, usimpokonye kazi bila kumpa nyingine. Huyo bibi anamlisha mtoto kwa nguvu kwa sababu ndiyo njia yake ya kumpenda, na ukimwambia tu aache atabaki na mikono mitupu na moyo mzito. Mpe kazi ya kimea, kwa mfano, maana hapo yeye ndiye fundi na wewe ndiye mwanafunzi, au mwombe awe anakula pamoja na mtoto. Kwetu Pwani watoto hula katika sinia moja na wakubwa, na sijaona dawa ya ukaidi wa chakula inayoshinda sinia. Mtoto anaona mkono wa kila mtu unakwenda na kurudi, naye anaogopa kuachwa. Ubaya wake ni kuwa huwezi kujua amekula kiasi gani, kwa kuwa mkono wake ni mdogo na mwepesi kuchoka. Kwa hiyo mimi huweka kibakuli cha mdogo ndani ya sinia lile lile: chakula ni chake, kelele ni za wote.

Chai ndiyo iliyonishinda muda mrefu. Hapa kwetu asubuhi bila chai na mahamri haijawa asubuhi, na mtoto akiona kikombe hulia hadi apewe. Niliposikia kuwa chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika chakula, nilimtengenezea mwanangu kikombe chake cha maziwa yaliyochemshwa na hiliki, yenye harufu ya chai na yasiyo na jani hata moja. Mpaka leo anaamini anakunywa chai.

Babu wa Kilosa

Habari ya kubanwa pumzi na uji kuingia mapafuni sikuwahi kuelezwa, na naiona ina mantiki. Kwa mtoto mzima wa afya, basi, nakubali aachwe. Ila Afisa hajajibu upande wangu: mtoto akiwa na homa au anaharisha, naye amefunga mdomo, mnataka tumtazame tu?

Afisa Lishe (Njombe)

La hasha, Mzee wangu, na swali lako ni la msingi kuliko mengine yote hapa, kwa sababu ndipo desturi ilipokuwa na haki ya kuogopa. Mtoto mgonjwa hulishwa kwa subira zaidi, bado si kwa nguvu: kidogo kidogo, mara nyingi, chakula laini anachokipenda, na kama bado ananyonya, anyonyeshwe kila anapotaka. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi yenye mchanganyiko maalumu pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, na asiachishwe kula, maana wapo wanaoamini kuwa tumbo linapaswa kupumzishwa. Akishapona, hamu hurudi kwa nguvu, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza nafasi: aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili ili afidie uzito uliopotea. Asiyeweza kabisa kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea kupita kawaida apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mama Kihonda, nyongeza kwako. Maziwa yapunguze hatua kwa hatua, uanze na kile kikombe cha kabla ya usingizi wa mchana, umpe maji badala yake na umlishe chakula cha mchana kabla hajalala. Chai mwachishe kabisa, na ile njia ya hiliki ya Mama Kisauni naiunga mkono. Siku ya kliniki, pamoja na urefu, omba wamtazame viganja kama vimepauka, na uwaeleze kama huwa anakula udongo, kwani dalili hizo mbili hutufanya tupime damu. Mzunguko wa mkono wake nao upimwe. Kwa umri huu ukiwa chini ya sentimita 12.5 ni jambo la kufuatiliwa, na chini ya 11.5 ni la matibabu. Hakikisha pia kuwa amepata matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kila baada ya miezi sita hadi mtoto anapokaribia miaka mitano, na dawa ya minyoo, ambayo katika umri wake anastahili kupewa. Mara nyingi hutolewa siku moja.

Mama Kihonda

Kliniki yetu ni Jumanne. Nimemwomba mama mkwe ampeleke yeye na mume wangu, nikasema nina kikao kazini, na amekubali kwa furaha. Ameniuliza hata avae kitenge kipi. Muuguzi nimekwisha kuzungumza naye. Ulezi umelowekwa tangu jana jioni, na mama mkwe ameniambia nimeweka maji mengi mno.